Kuufunza Utenzi wa Tambuka: Utamaduni, Dini na Mgogoro wa Kale katika Darasa la Makadara

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, ukiiacha Barabara ya Jogoo na kuingia mitaa ya Makadara, unapita katikati ya miji ya kale bila kujua. Jericho iko hapo, na Jerusalem ni jirani yake. Wanafunzi wetu hutumwa dukani Jericho, huenda kutazama mpira Jerusalem, na majina hayo yamezoeleka masikioni mwao sawa na Maringo na Kaloleni. Ni nadra kukutana na kijana aliyewahi kuwaza kwamba mitaa hii imepewa majina ya miji iliyozingirwa, ikabomolewa, ikajengwa na kupiganiwa tena kwa maelfu ya miaka.

Niliwahi kuufunza Utenzi wa Tambuka katika kidato cha tatu, katika shule moja ya mitaa hii. Nilipomaliza kusimulia muhtasari wa kisa, mvulana mmoja wa kiti cha nyuma aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, katika vita hivi sisi tuko upande gani?" Darasa lilinyamaza. Aliyekaa naye dawati moja alikuwa Mwislamu; msichana aliyekaa mbele yao, baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Wote watatu walinitazama wangoje nitasema nini. Siku hiyo nilijibu kijuujuu, nikahamia kwenye mizani na vina. Makala haya ni jibu ambalo ningepaswa kumpa.

Wengi wetu hulikwepa swali hilo kwa kuukwepa utenzi wenyewe. Tunataja jina la mtunzi, tunataja mwaka, tunahesabu mizani, kisha tunakimbilia kwa Fumo Liyongo ambako hakuna atakayeudhika. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huondoka akijua umbo la utenzi bila kujua vita vilihusu nini. Pengo hilo halibaki tupu. Hujazwa na mahubiri ya mtaani, ya kipaza sauti cha upande huu au cha upande ule, na mhubiri hana haja ya kutofautisha kisa na historia. Kazi hiyo ni yetu.

Hoja ya makala haya ni nyepesi. Utenzi wa vita vya dini una nyakati tatu: wakati wa kisa, wakati wa utunzi na wakati wa usomaji. Ugomvi huzuka darasani pale mwalimu anapoziunganisha nyakati hizo tatu zikawa wakati mmoja. Akizitenganisha, utenzi huohuo huwa nafasi nzuri ya kumfundisha mwanafunzi jinsi utamaduni, dini na mgogoro vinavyohusiana, na mahali ambapo havihusiani.

Utenzi wenyewe kwa ufupi

Utenzi wa Tambuka, unaojulikana pia kama Chuo cha Herekali, ulitungwa na Mwengo wa Athumani kisiwani Pate mwaka wa 1728. Neno "chuo" hapa lina maana yake ya zamani ya kitabu. Ni miongoni mwa kazi kongwe kabisa za Kiswahili zenye tarehe inayojulikana, na una zaidi ya beti 1000. "Tambuka" ni Tabuki, mahali kaskazini-magharibi mwa Bara Arabu. "Herekali" ni Heraclius, aliyekuwa mfalme mkuu wa Warumi wa mashariki tangu mwaka wa 610 hadi alipofariki mwaka wa 641, akitawala kutoka Konstantinopoli, mji ambao leo ni Istanbul.

Kisa chenyewe kinasimulia jinsi Mtume Muhammad anavyompelekea Herekali barua ya kumwita kwenye Uislamu. Herekali anakataa. Majeshi yanakusanyika na vita vikubwa vinapiganwa Tambuka, Waislamu wakaibuka washindi.

Hapa mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo moja la kuwafungua macho. Mara nyingi tunawaambia kwamba dunia ya kale iliingia katika Kiswahili kwa mlango wa tafsiri: Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar na kuichapisha mwaka wa 1963. Kumbe mtunzi wa Pate alikuwa amekwisha kumleta mfalme wa Warumi katika ushairi wetu miaka 235 kabla ya hapo, tena bila kupitia Uingereza. Mlango aliotumia ulikuwa ule wa masimulizi ya Kiarabu ya maghazi, yaani vita vya mwanzo wa Uislamu.

Kuhusu umbo, usipoteze vipindi vitatu. Kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo mizani nane. Mishororo mitatu ya kwanza huwa na kina kimoja, na wa nne hubeba kina cha bahari kinachorudiwa hadi mwisho wa utenzi. Ubeti mmoja wa mfano hutosha. Huu niliutunga kwa ajili ya darasa:

Jericho nakuuliza,
jina lako lanikwaza,
nani aliyekutuza
la mji uliobomwa?

Waache wahesabu mizani, waache waongeze beti zao wakilinda kina cha bahari. Kisha rudi kwenye maudhui, kwani huko ndiko kuna kazi.

Wakati wa kwanza: karne ya saba

Wanafunzi huja darasani na picha rahisi: Waislamu upande mmoja, Wakristo upande mwingine, uadui wa tangu jadi. Historia ya karne ya saba haikubaliani na picha hiyo, na mwalimu anahitaji mambo manne tu ili aivunje.

Kwanza, adui mkubwa wa Herekali kwa sehemu kubwa ya utawala wake hakuwa Mwislamu. Alikuwa Mwajemi. Vita kati ya Warumi na Waajemi vilianza mwaka wa 602 na kwisha mwaka wa 628. Mwaka wa 614 Waajemi waliiteka Yerusalemu na kuchukua mabaki ya msalaba ambayo Wakristo waliamini ni ya msalaba wa Yesu. Herekali aliwashinda, na inaelezwa kwamba aliurudisha msalaba huo Yerusalemu mwaka wa 630. Mji haukukaa naye sana. Jeshi lake lilishindwa na Waislamu katika vita vya Yarmuk mwaka wa 636, na mwaka mmoja au miwili baadaye Yerusalemu ikajisalimisha kwa Khalifa Umar. Mji mmoja ulibadilisha mikono mara tatu katika muda usiofika miaka 25. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka wa 613 alitawaliwa na himaya tatu kabla hajafikisha umri wa miaka 26. Mwambie mwanafunzi wa mtaa wa Jerusalem amfikirie mtoto huyo.

Pili, wakati Warumi walipokuwa wakishindwa na Waajemi, Waislamu wa mwanzo kule Makka hawakufurahi. Kurani ina sura nzima, ya 30, inayoitwa Sura ya Warumi. Mwanzo wake unataja kushindwa kwa Warumi na kubashiri kwamba watashinda tena, na kwamba siku hiyo waumini watafurahi. Wafasiri hueleza sababu: Warumi walikuwa watu wa Kitabu, ilhali Waajemi waliabudu kwa moto. Basi yule Herekali ambaye katika utenzi ni adui, miaka michache kabla ya hapo ushindi wake ulikuwa unatazamiwa kwa furaha na watu wa Mtume.

Tatu, kila upande ulikuwa na nyufa ndani yake. Tangu Mtaguso wa Kalkedoni mwaka wa 451, Wakristo wengi wa Shamu na Misri walitofautiana na Konstantinopoli kuhusu asili ya Kristo, na mara kwa mara waliteswa na serikali ya Wakristo wenzao. Kwa upande mwingine, jeshi la Warumi lilikuwa na Waarabu wa kabila la Ghassani, ambao walikuwa Wakristo. Mpaka wa dini haukufuata mpaka wa lugha, wala mpaka wa lugha haukufuata mpaka wa dola.

Nne, na hili ndilo litakalowashangaza wanafunzi kuliko yote, Tabuki ya historia haikuwa na vita vikubwa. Masimulizi ya Kiislamu yenyewe yanaeleza kwamba Mtume alitoka na jeshi mwaka wa 630 katika joto kali, akafika Tabuki, asikute jeshi la Warumi. Alikaa siku kadhaa. Alipokuwa huko alifanya mapatano na jamii za eneo hilo, pamoja na kiongozi wa Wakristo wa Ayla, mji wa pwani ya Bahari ya Shamu, ambaye alikubali kulipa kodi naye akapewa ahadi ya usalama. Kisha jeshi likarudi Madina. Tabuki ya historia iliishia kwa mikataba. Tambuka ya utenzi inaishia kwa mapanga.

Usimwambie mwanafunzi kwamba mtunzi amedanganya. Mwulize kwa nini mshairi anahitaji vita mahali ambapo historia haikuwa navyo. Atakapojibu kwamba utenzi wa kishujaa hauwezi kumleta shujaa uwanjani kisha ukamrudisha nyumbani bila jasho, atakuwa ameanza uhakiki. Atakapoongeza kwamba mtunzi alikuwa na kumbukumbu ya vita vingi vilivyopiganwa baada ya Tabuki, Yarmuk ikiwa mojawapo, na kwamba huenda amevikusanya mahali pamoja, mpe alama zote.

Jaafar: mtu mmoja, historia mbili

Kuna mhusika mmoja wa historia ambaye napendekeza atengewe kipindi kizima. Ni Jaafar bin Abi Talib, binamu ya Mtume na ndugu yake Ali. Jaafar aliuawa Muuta mwaka wa 629, akipigana na jeshi la Warumi na washirika wao. Masimulizi yanasema alikatwa mikono yote miwili akiwa ameshika bendera, na kwa hivyo akaitwa Jaafar wa mabawa, kwa imani kwamba alipewa mabawa peponi. Msafara wa Tabuki ulifuata mwaka mmoja baada ya msiba huo, na huwezi kuielewa hasira ya masimulizi ya Tabuki bila kumjua Jaafar.

Lakini Jaafar alikuwa nani kabla ya Muuta? Karibu mwaka wa 615, Waislamu wa kwanza walipoteswa na Makureshi wa Makka, kundi lao lilivuka bahari kukimbilia Uhabeshi, katika ufalme wa Aksum. Mfalme wa huko, anayejulikana kwa cheo cha Najashi, alikuwa Mkristo. Makureshi walituma wajumbe na zawadi ili warudishiwe wakimbizi wao. Najashi aliwaita wakimbizi wajieleze. Aliyesimama kuzungumza kwa niaba yao alikuwa Jaafar. Alieleza imani yao, akasoma aya kutoka Sura ya Maryamu zinazosimulia kuzaliwa kwa Isa. Najashi aliwarudishia wajumbe zawadi zao, akakataa kuwatoa wageni wake. Jaafar aliishi katika nchi hiyo ya Kikristo kwa zaidi ya miaka 10. Aliungana na Mtume tena mwaka wa 628. Mwaka uliofuata aliuawa na jeshi la dola nyingine ya Kikristo.

Mwalimu, iandike ubaoni kwa mistari miwili: 615, mfalme Mkristo anayaokoa maisha ya Jaafar; 629, jeshi la mfalme Mkristo linayaondoa. Halafu uliza: ikiwa dini ndiyo pekee iliyosababisha vita, mstari wa kwanza tutaueleza vipi? Wanafunzi watalazimika kutafuta sababu nyingine: mipaka ya dola, njia za biashara, mikataba ya makabila, heshima ya wajumbe, kisasi. Dini watairudisha pia, lakini sasa itakaa mahali pake, kama lugha ambayo kwayo pande zote mbili zilizieleza sababu zao nyingi. Pia, usisahau kuwaonyesha kwamba Aksum iko Afrika Mashariki hii yetu. Katika mgogoro huu wa kale upande wetu wa dunia ulitoa hifadhi.

Wakati wa pili: Pate, 1728

Mtunzi hakuwa Arabuni karne ya saba. Alikuwa Pate, katika funguvisiwa la Lamu, alitunga kwa ombi la sultani wa Pate, wa nasaba ya Nabhani, na wasikilizaji wake walikuwa na Wakristo wao wa kuwafikiria: Wareno. Mwaka wa 1505 Wareno walikuwa wameishambulia Kilwa na kuichoma Mombasa. Baadaye walijenga Fort Jesus, wakaitoza miji ya pwani ushuru, na Pate yenyewe iliadhibiwa mara kadhaa. Waomani waliwatoa katika Fort Jesus mwaka wa 1698 baada ya kuizingira tangu 1696.

Basi ni rahisi, na wahakiki wengi wangevutiwa, kusema kwamba Herekali ni Mreno aliyevishwa kilemba cha Warumi. Tafsiri hiyo ina uzito, na mwanafunzi anayeitoa astahili pongezi. Lakini mpeleke hatua moja mbele. Katika mwaka uleule wa 1728, Pate ilikuwa imeshirikiana na Wareno dhidi ya Waomani, na kwa ushirikiano huo Wareno wakarudi Fort Jesus. Walitimuliwa tena mwaka wa 1729. Kwa hivyo mwaka ambao utenzi wa Waislamu dhidi ya Wakristo unatiwa tarehe yake, sultani wa Kiislamu alikuwa ameshikana mkono na Wakristo ili kuwaondoa Waislamu wenzake.

Jambo hili linaufanya utenzi uwe na mvuto zaidi. Je, msikilizaji wa Pate aliyekuwa ameona Wareno wakishuka melini kama marafiki, aliisikia vipi sauti ya mtunzi ikisifu ushindi wa Tambuka? Aliona fahari? Aliona suto? Au aliona hadithi ya zamani isiyomhusu Mreno hata kidogo? Hatuwezi kumhoji, na mwalimu asijifanye kwamba ameshamhoji. Tunachoweza kusema kwa hakika ni kwamba siasa za pwani za mwaka huo hazikugawanyika kwa dini peke yake, na kwamba utenzi unaogawanya dunia katika kambi mbili ulisomwa na watu waliojua kwamba dunia yao ina kambi zaidi ya mbili.

Angalia pia suala la utamaduni. Kisa kimetoka Arabuni, lakini lugha ni Kiswahili cha kaskazini, chenye "ndia" badala ya njia, "nti" badala ya nchi na "mato" badala ya macho. Tendi za aina hii ziliimbwa mbele ya hadhira, na mtunzi wa pwani aliyahamisha mambo ya mbali yakaeleweka nyumbani. Huu ni mfano mzuri wa utamaduni kupokea kitu cha kigeni na kukifanya chake, na ni sawa na wakazi wa Nairobi walioupokea mtaa wa Jericho na kuupa maisha yasiyohusiana na Yoshua wala tarumbeta zake.

Mhusika Herekali

Tumezoea kuwauliza wanafunzi sifa za shujaa. Kwa utenzi huu, anza na sifa za adui. Herekali wa utenzi hakatai barua kwa ujinga au kwa uovu mtupu. Hoja yake ni kwamba hawezi kuiacha imani ya wazee wake. Mtunzi aliyetaka tu kibonzo cha kuchekwa asingempa adui sababu ambayo kila msikilizaji anaweza kuielewa. Nani katika darasa lako hajawahi kusema, "sisi kwetu tulizaliwa tukakuta hivi"?

Masimulizi ya Kiislamu yanakwenda mbali zaidi. Katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari mna simulizi ya Heraclius akiipokea barua ya Mtume, akimwita Abu Sufyan, ambaye wakati huo alikuwa bado mpinzani wa Mtume, na kumhoji kwa utulivu: nasaba ya mtu huyu ni ipi, wafuasi wake ni matajiri au wanyonge, je, amewahi kusema uongo, je, huvunja ahadi? Mfalme anayechorwa hapo ni mtu mwenye akili, karibu ashawishike, lakini anawaogopa wakuu wa dola yake. Hapo mwanafunzi anaona mgogoro wa nafsi, ule tunaomtaka autafute katika riwaya na tamthilia. Linganisha Herekali huyo na yule wa utenzi, kisha uliza ni sifa zipi utenzi umezihifadhi na zipi umezipunguza ili vita viwezekane.

Hivyo basi katika maudhui tenganisha mambo matatu ambayo vitabu vya mwongozo huyarundika pamoja. Utamaduni ni namna watu wanavyoishi, wanavyosema na wanavyowakumbuka wazee wao. Dini ni wanachokiamini kuhusu Mungu na wanachopaswa kukitenda. Mgogoro ni kugongana kwa masilahi au maadili. Mgogoro unaweza kuvaa nguo za dini huku miguu yake ikiwa katika ardhi, kodi au kisasi. Pia unaweza kuwa wa kidini kweli. Mhakiki mzuri huonyesha kwa ushahidi ni upi ni upi.

Wakati wa tatu: darasa letu

Msomaji wa Makadara naye ana historia yake. Mtaa wa Mbotela umepewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha Kenya African Union aliyeuawa mwaka wa 1952. Baba yake, James Mbotela, ndiye mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka wa 1934. Mitaa ya Ofafa ina jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka wa 1953. Wote wawili walikufa katika vurugu za Hali ya Hatari. Kwa hivyo mwanafunzi wetu hutembea kila siku kati ya majina ya migogoro ya kale na majina ya migogoro ya babu zake. Baada ya uchaguzi wa 2007, wazazi wa wanafunzi wetu waliona pia jirani akigeuka adui kwa sababu ya lugha ya nyumbani kwake, huku wote wawili wakisali katika kanisa moja. Hapo dini ilikuwa moja na vita vikaja vilevile.

Haya yasiletwe darasani kama mahubiri. Yaletwe kama njia ya kulinganisha. Pia zingatia usawa: kanuni unayoitumia kwa utenzi wa Kiislamu itumie kwa masimulizi ya Biblia. Mwanaakiolojia Kathleen Kenyon alichimba Jericho ya kale kati ya 1952 na 1958, akaonyesha kwamba watu walikuwa wamejenga ukuta na mnara wa mawe hapo takriban miaka 8000 kabla ya Kristo. Jinsi uchimbaji huo unavyohusiana na kisa cha Yoshua ni mjadala ambao bado wanaoujua wanauendeleza. Mwanafunzi Mkristo akiona kwamba mwalimu anauliza maswali yaleyale kuhusu Jericho na kuhusu Tambuka, na mwanafunzi Mwislamu akiona vivyo hivyo, hakuna atakayehisi kwamba kitabu chake pekee ndicho kimewekwa kizimbani. Nao wakumbushwe kwamba kuchambua kazi ya fasihi si kupima imani ya mtu.

Maswali ya kutumia darasani

1. Taja nyakati tatu zinazohusika katika kuusoma Utenzi wa Tambuka na ueleze kila moja kwa sentensi moja. (alama 6)

2. "Tabuki ya historia iliishia kwa mikataba, Tambuka ya utenzi inaishia kwa mapanga." Eleza sababu mbili za kifasihi zinazoweza kumfanya mtunzi abadilishe historia. (alama 4)

3. Ukirejelea maisha ya Jaafar bin Abi Talib, jadili dai kwamba vita vya karne ya saba vilisababishwa na dini peke yake. (alama 10)

4. Mhakiki mmoja anasema Herekali anawakilisha Wareno. Toa hoja moja ya kumuunga mkono na moja ya kumpinga. (alama 4)

5. Tunga beti tatu za utenzi kuhusu jina la mtaa wako, ukizingatia mizani na kina cha bahari. (alama 6)

Hitimisho

Turudi kwa yule mvulana wa kiti cha nyuma. Katika kipindi kilichofuata nilimwomba radhi kwa kulikwepa swali lake, nikamwambia kwamba msomaji wa fasihi hana haja ya kuchagua jeshi kabla hajajua waliomo ndani ya majeshi hayo. Kisha nikawasimulia habari za Jaafar na Najashi, tarehe zikiwa ubaoni. Alisikiliza hadi mwisho, akainua mkono tena: "Kwa hivyo, mwalimu, Najashi alikuwa upande gani?" Darasa halikunyamaza safari hii. Walibishana hadi kengele ikalia, na wale watatu niliowaogopea walikuwa wakipekua daftari moja wakitafuta tarehe.

Mwalimu mwenzangu, utenzi huu usiuruke. Ukiuacha, wanafunzi watausikia kwingine, na huko hakuna atakayewaambia habari za Uhabeshi.